Ng'ombe Aliyebana Maziwa: Safari Yangu ya Ukara

Ninyi mnaopita kwangu Pasiansi Jumapili baada ya ibada mmekwisha kuniuliza, mmoja mmoja na kwa pamoja, ni jambo gani lililompeleka mzee wa umri wangu kisiwani Ukara kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Wengine wenu mmekwisha kujijibu. Nimepata habari kwamba nilikwenda kuoa, kwamba nilikwenda kuagua, na kwamba nilikwenda kugombea shamba. Miaka mingi nilikaa katika kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo nikiwakataza watu kuanza ushahidi wao kwa maneno "nasikia kwamba", na sitakubali niwe mada ya maneno hayo katika uzee wangu. Kwa hiyo naandika. Habari za tiketi na foleni nitaziacha, maana hazina mafunzo.

Chanzo kilikuwa barua ya mdogo wangu Nyabise, aliyoiandikisha kwa mjukuu wake: "Kaka, shikamoo. Tulia amebana maziwa, nami nimechoka kumkatia majani. Jumamosi ijayo mchinjaji wa Bwisya anakuja kumchukua. Nimeona heri ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu."

Tulia ni ng'ombe. Ni wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa mama yetu, na kila jike wa uzao huo aliitwa Tulia. Mama alipokuwa katika siku zake za mwisho alimkabidhi Nyabise ng'ombe, akanikabidhi mimi neno: "Wewe mkubwa, angalia Tulia asikatike." Safari hii Tulia alikuwa amezaa dume. Akichinjwa yeye, uzao umekatika.

Ndani ya bahasha ileile palikuwa na karatasi ya pili, ya mpwa wangu Masatu, mwana wa Nyabise. Yeye aliandika kwamba sababu inajulikana na kijiji kizima: jirani yao, bibi Nyanjura, ana jicho baya. Niliisoma karatasi hiyo mara moja, nikaikunja. Nilikuwa tayari na maelezo yangu. Mwaka jana, nilipokwenda kumzika shemeji yangu, mume wa Nyabise, Masatu alikuwa ndiyo kwanza amefunga mashine ya kusaga ya dizeli, hatua kumi tu kutoka ukuta wa nyumba ya mama yake. Mnyama hawezi kutulia karibu na mngurumo kama ule. Basi nilipanga nifike, niizime mashine mbele ya mashahidi, maziwa yatoke, bibi Nyanjura aachwe kwa amani, nami nirudi. Tazameni: nilikuwa nimekwisha kuandika hukumu kabla ya kupanda meli.

Bandarini Mwanza hadi Nansio

Jumatatu nilifika bandarini saa mbili asubuhi, kwa kuwa meli ilitangazwa kuondoka saa tatu. Iliondoka saa tisa alasiri. Tulipewa sababu nne, kila moja ikiletwa na mtu aliyeambiwa na mwenzake: mafuta, pampu, nahodha, na mgeni mkubwa anayesubiriwa. Nilikwenda mwenyewe hadi kwenye ngazi nikaona sababu ya tano, nayo ilikuwa ya kweli: mizigo ilikuwa haijaisha. Tangu biashara ilipoachiwa huru, hakuna anayesafiri mikono mitupu. Marobota ya mitumba, masanduku ya soda, magodoro, majenereta, na redio kaseti kubwa kama masanduku ya shule, kila moja ikiimba wimbo wake ili wanunuzi wajue kwamba ni nzima.

Nilipata nafasi sitahani kando ya mama mmoja wa Mabatini aliyejitambulisha kuwa Mama Neema. Alikuwa na matenga matatu ya kuku wa mayai, na juu ya tenga la kati redio kaseti ikiimba kwaya kwa nguvu.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali punguza sauti kidogo."

"Shikamoo, baba. Ningepunguza, lakini si yangu. Ya kuku."

"Marahaba. Kuku wanasikiliza kwaya?"

"Wameizoea tangu vifaranga. Bandani kwangu inaimba kutwa. Nikiizima hapa, wakisikia honi ya meli watarundikana pembeni, wa chini wakose hewa wafe."

"Umeona mwenyewe, au umeambiwa?"

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu. "Baba, safari ya kwanza walikufa kumi na wawili. Tumewala siku nne mpaka watoto wakakataa. Huo ushahidi umepita tumboni."

Abiria walicheka, lakini sikukubali. Karibu nasi palikuwa na kijana mfanyabiashara mwenye tenga la kuku wa kienyeji, lisilo na redio. Honi ilipolia, nilisimama katikati nikatazama pande zote mbili. Kuku wa Mama Neema waliinua shingo wote kwa pamoja, kama washarika wanaposikia "tusimame", kisha wakashusha. Wale wa kijana walirukiana, wakajikusanya pembe moja, na alipofungua mfuniko akatoa watatu waliokwisha kulegea.

"Haya, baba," Mama Neema akasema. "Sasa?"

"Matenga yako ni mapana kuliko lake," nikamjibu, nikitoa daftari langu. "Na kuku wako ni wa banda, wake ni wa uani. Huwezi kujua kilichowaokoa ni nini."

"Andika, baba, andika hivyo hivyo. Wewe siku ya kufa utamwomba malaika barua ya utambulisho!"

Hata hivyo alinimegea kiazi kitamu na kunipa yai lililochemshwa, akisema nile yai la kwaya. Lilikuwa yai zuri. Katika daftari langu niliandika: "Inawezekana mnyama hatulizwi na ukimya, bali na sauti aliyoizoea. Haijathibitishwa." Kama ningelisoma sentensi hiyo tena siku ya Jumatano, ningeliokoa muda wa watu wengi.

Nansio hadi Bugolora

Tulishuka Nansio giza likiingia, nikalala nyumba ya wageni. Asubuhi ya Jumanne nilipanda pikapu kuvuka Ukerewe hadi Bugolora, ambako ndiko mitumbwi ya Ukara inakoondokea. Njiani tairi lilipasuka mara mbili. Mara ya kwanza dereva alituambia ni dakika kumi. Niliitazama saa yangu, zikawa hamsini. Mara ya pili hakutuambia lolote, nami nikamheshimu zaidi.

Bugolora niliketi kwa mama ntilie, nikala ugali wa muhogo na sato wa mchuzi, samaki mkubwa kuliko sahani. Baada ya kula nilitoa daftari, nikatazama ziwa, nikaandika saa na hali ya upepo, kama nilivyozoea. Nilipoinua kichwa, ufuko ulikuwa umebadilika. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wamezikalia. Mmoja alikuwa akisukuma miti mirefu chini ya mtumbwi kwa mguu, huku akipiga mluzi wa mtu asiye na hatia. Nilimwendea mwenye mtumbwi wa kwanza nikamwomba anivushe.

"Injini mbovu, mzee."

Wa pili naye injini mbovu. Wa tatu injini mbovu, na mgongo unamuuma. Nilirudi kuketi. Ikapita saa nzima.

"Mzee," mama ntilie akaniinamia, "funga hilo daftari. Watakulaza hapa mpaka Pasaka."

"Nimekosa nini?"

"Umekuja na viatu vya ngozi, unatazama nyavu, unaandika. Wewe si wa samaki wa serikali?"

Ndipo nilipoelewa. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya mahakamani: "Jamani! Mimi si afisa wa samaki. Mimi ni mzaliwa wa Ukara. Nakwenda kumwona ng'ombe."

Sauti ikatoka nyuma ya mtumbwi: "Ng'ombe ana nini?"

"Amebana maziwa."

Sijawahi kuwachekesha watu wengi kiasi kile kwa maneno machache kiasi kile. Injini zote tatu zikapona papo hapo.

Maji kati ya Bugolora na Ukara

Aliyenivusha aliitwa Bwire, mtu wa makamo, ndiye aliyekuwa akisukuma ile miti kwa mguu. Sasa ilikuwa imelala wazi kati yetu: miti mirefu yenye kitu kama kikombe kikubwa mwishoni. Nilimwuliza ni ya nini, naye, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa ng'ombe, alinieleza bila kificho. Huzungusha wavu, kisha hupiga maji kwa kikombe kile. Samaki hukimbia mshindo, wakaingia wavuni.

"Samaki ana masikio?" nikamwuliza.

"Hana la nje kama letu, mzee. Yeye anasikia mwili mzima. Ukipiga hapa, yule wa kule kwenye magugu anaruka."

"Hao wanaolea makinda kwenye magugu?"

"Ndio maana wanatukataza," akasema, akaiangalia ile miti kama mtu anavyomwangalia ndugu mlevi. "Babu yangu alikuwa anavua kimya. Lakini babu yangu alikuwa na samaki."

Tulipokaribia mwamba mmoja mrefu, mweupe kwa vinyesi vya ndege, Bwire alizima injini, akashika kasia. Nilidhani imeharibika kweli safari hii.

"Mnandi wanaatamia," akasema kwa sauti ya chini. "Ukipita na injini wanaruka wote. Mayai yanabaki wazi, kunguru anashuka."

"Nani amesema?"

"Nimeona."

"Basi washa, nami nione."

Akaacha kupiga kasia. "Hapana, mzee. Mayai si ya kwangu nikujaribishie. Mnandi ndiye anayetuonyesha dagaa walipo. Akihama huyu, tutavua kwa kubahatisha kama vipofu."

Haikuwa mara yangu ya kwanza kukataliwa ombi, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuona haya kwa kuliomba. Tulipita polepole. Mnandi walituangalia kwa shingo zao ndefu, mamia kwa mamia, wala hakuna aliyenyanyuka. Tulikuwa bado hatujafika mbali, mtumbwi mwingine ukapita upande wa pili wa mwamba na injini yake ikinguruma. Mwamba mzima ukageuka mweusi, ukaruka. Kunguru walishuka katika nafasi ile ile. Nilihesabu watano, na wa tano aliondoka na yai mdomoni. Hilo niliandika bila alama ya kuuliza.

Nyumbani kwa Nyabise

Ambao hamjafika Ukara hamtaelewa jambo la Tulia nisipowaeleza nyumba zetu. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, malisho hakuna. Kwa hiyo kwetu ng'ombe hachungwi. Anaishi ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa sakafuni, analetewa majani kwa mikono, na samadi yake inarudi shambani. Anazaliwa humo, anazeeka humo. Ndege wa Bwire akichukizwa na kelele ataruka. Ng'ombe wa Ukara hana pa kwenda.

Nyabise alinipokea uani kwa magoti, jambo nililokwisha kumkataza mara nyingi. Alikuwa amekonda. Ndani, Tulia alikuwa amesimama shimoni, rangi ya majivu, tumbo jeupe, akinitazama kwa macho makubwa kama ya mama yetu. Mniwie radhi kwa mfano huo. Ni wa kweli.

"Bado siku tatu," Nyabise akasema. Hakuhitaji kueleza zaidi.

"Siku tatu zinatosha," nikamjibu.

Jioni ile nilikagua. Ndama aliletwa, akanyonya kidogo, maziwa yakaanza. Ndama alipovutwa pembeni na Nyabise akachuchumaa na kibuyu, Tulia alikaza mwili kama mtu anayeshika mlango. Yalitoka maziwa nusu ya kikombe changu cha bati. Na wakati huohuo, nje ya ukuta, mashine ya Masatu ilikuwa ikinguruma hata vumbi likitikisika darini.

Nilimwita Masatu. "Kesho na kesho kutwa mashine haitawaka."

"Mjomba! Siku mbili? Akina mama wote wa huku wanasaga kwangu. Nitawaambia nini?"

"Waambie mahakama inaendelea."

"Lakini mjomba, tatizo si mashine. Watu wote wanajua ni Nyanjura. Tangu mwaka jana mwenyewe hata hapa kwetu hakanyagi."

"Hakanyagi kwa kuwa mnamwita mchawi. Ungekuwa wewe, ungekuja kunywa uji?"

Jumatano mashine ilikaa kimya. Akina mama walikuja na vikapu vya muhogo, wakakuta mlango umefungwa, wakanisema kwa Kikara wakidhani nimekisahau. Mmoja alisema kwamba kule Mwanza wazee hupotewa na akili kwa kula sangara. Asubuhi Tulia alitoa nusu kikombe. Jioni, nusu kikombe na tone. Alhamisi asubuhi, robo tatu. Niliandika kila kitu, mashahidi wakitia dole gumba. Jioni, nusu.

"Mjomba," Masatu akasema akilitazama daftari langu, "nafikiri mshtakiwa ameshinda kesi."

Ukimya wote ule, na ng'ombe alikuwa bado amefunga. Nyabise aliosha kibuyu, akakiinamisha ukutani taratibu sana, kama chombo ambacho hakitahitajika tena. "Si neno, kaka," akasema. "Umejaribu. Jumamosi nitamshika kamba mwenyewe, asishikwe na mtu asiyemjua." Akatoka nje.

Hatua arobaini hadi kwa Nyanjura

Mwendo huu ulikuwa mfupi kuliko yote ya safari, na ndio ulionichukua muda mrefu kuuanza. Katika kesi nzima nilikuwa nimemsikiliza kila mtu isipokuwa mshukiwa. Kama karani wangu wa zamani angeniona, angecheka. Jua lilikuwa bado halijazama nilipopita ua wa minyaa kwenda kwa bibi Nyanjura.

Nilimkuta akipepeta uwele. Ni rika la Nyabise. Walichota maji pamoja wakiwa wasichana, wakaolewa msimu mmoja.

"Kaka hakimu," akasema bila kusimama. "Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Tulia amebana maziwa tangu lini?"

"Mimi sijamwona Tulia mwaka mzima. Jicho langu halifiki kule. Ila sikio linafika." Akaendelea kupepeta. "Zamani, asubuhi na jioni, nilikuwa nikimsikia Nyabise anaimba akikamua. Ule wimbo wa mama yenu. Mimi nilikuwa nikiusikia najua maziwa yanatoka, nawasha moto wa uji, maana alikuwa ananiletea kikombe. Tangu uondoke baada ya msiba, sijamsikia. Nilidhani ni msiba. Miezi ikapita. Nikadhani ameninunia. Halafu nikasikia mimi ndiye mchawi."

"Tangu niondoke mimi?"

"Siku uliyoondoka, jioni yake. Kimya."

Nilikumbuka. Siku ya tatu ya msiba, siku ya kuondoka kwangu, watu walikuwa wamekaa uani, na kutoka ndani ikasikika sauti ya Nyabise akimwimbia ng'ombe. Niliona aibu mbele ya wageni wa mjini. Nikaingia, nikamwambia kwa sauti yangu ile ambayo ninyi mnaijua: "Nyabise, ng'ombe hutoa maziwa kwa majani, si kwa nyimbo. Acha mambo hayo. Watu wanakusikia."

Nilirudi nikamkuta uani amekaa peke yake.

"Nyabise, kwa nini uliacha kumwimbia Tulia?"

Akanishangaa. "Si ulinikataza, kaka?"

"Na maziwa yalipobana, hukufikiri kwamba...?"

"Nilifikiri. Lakini wewe umesoma. Nikasema, kaka hawezi kusema jambo ambalo hakuliona."

Ijumaa asubuhi, shimoni kwa Tulia

Nilimwamuru aimbe. Akakataa.

"Nilikatazwa na hakimu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona kona ya mdomo wake ikicheza. "Hakimu aifute amri yake mwenyewe. Mbele ya ng'ombe."

"Nitaifuta kwa maandishi."

"Tulia hajui kusoma."

Basi mtu mzima nikashuka shimoni, nikasimama kando ya ng'ombe, nikakohoa. Wimbo wa mama ni mfupi, na kwa Kiswahili maana yake ni kama hii: shusha, wewe wa nyumbani, shusha, mtoto ameamka, jua halijafika ziwani, shusha. Nilianza. Nje ya ukuta nilisikia kicheko cha Masatu kikizibwa kwa kiganja. Tulia aligeuza kichwa akanitazama kwa huruma kubwa, kisha akakaza mwili zaidi kuliko siku zote.

"Mungu wangu," Nyabise akasema, "unamsomea mashtaka. Toka hapo, kaka."

Akachuchumaa. Akaweka paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akaanza, kwanza kwa mguno tu, kama mtu anayetafuta njia gizani. Sauti ilikuwa imezeeka. Ilikuwa pia sauti ya mama, nami sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka ishirini isipokuwa siku ile niliyoinyamazisha. Masikio ya Tulia yalirudi nyuma, moja, kisha la pili. Kwa muda hapakuwa na lolote. Halafu akatoa pumzi ndefu, na ule mlango alioushikilia mwaka mzima akauachia. Kibuyu kilianza kuvuma.

Vikombe vitatu. Nilivipima mwenyewe, kwa kikombe kile kile.

Kabla hatujapanda kutoka shimoni tulisikia hatua uani. Bibi Nyanjura alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Nimesikia," akasema. "Nimekwisha kuwasha moto."

Nyabise alijaza bakuli mpaka likamwagika, wakabaki wawili wamelishika pamoja, hakuna aliyekuwa tayari kuliachia. Mimi nilitoka nje kwa Masatu, tukaitazama mashine.

Lakini sikutaka kukosea mara ya pili kwa haraka ile ile. Jioni niliamuru mashine iwake wakati wa kukamua. Nyabise aliimba, mwenyewe hakujisikia, na sidhani kama Tulia alimsikia. Kikombe kimoja. Jumamosi alfajiri, mashine kimya na wimbo juu: vitatu na nusu. Basi mashine haikuwa safi kabisa, wala kosa lote halikuwa lake. Ilikuwa inaufunika wimbo, mimi niliuzima.

Masatu alisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, akavua kofia. "Mjomba, nitawasha baada ya kukamua, nizime kabla ya kukamua. Akina mama wakiuliza?"

"Waambie wakisikia Nyabise amenyamaza, walete vikapu."

Kisha akavuka ua wa minyaa kwenda kwa bibi Nyanjura. Alichomwambia sikukisikia, hivyo siwezi kukieleza. Nilimwona tu akiwa amepiga magoti.

Mchinjaji wa Bwisya alifika saa nne, na kamba begani. Nyabise alimkaribisha, akampa kiti, akampa kikombe cha maziwa ya moto. Akanywa, akaomba cha pili, akauliza yametoka wapi.

"Kwa huyo uliyekuja kumchukua," Nyabise akamjibu.

Mchinjaji akaitazama kamba yake, akatucheka sote, akaondoka nayo kama alivyokuja.

Kurudi

Jumapili Bwire alinirudisha. Nyabise na Nyanjura walinisindikiza hadi majini wameshikana mikono kama wasichana. Mtumbwi ulipokwisha kusukumwa, Nyabise aliniita.

"Kaka! Siku ile uliposema ng'ombe hatoi maziwa kwa nyimbo, ulikuwa umeona mwenyewe, au uliambiwa?"

Kwa miaka mingi nimewauliza watu swali hilo wakiwa kizimbani. Sikujua lina uzito gani. "Niliambiwa, Nyabise," nikamjibu, nikiwa nimeshikilia kofia isichukuliwe na upepo. "Hata sikumbuki na nani." Penye mwamba wa mnandi, Bwire alipozima injini, nililishika kasia la pili bila kuombwa.

Juma lililopita nimepata barua. Nyabise anasema Tulia amepandwa na fahali wa Bwisya, na bibi Nyanjura sasa huja alfajiri kumwitikia wimbo, kwa hiyo vikombe vimefika vinne. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu kumwuliza nani alipima, na kwa kikombe kipi, nilipoona mstari wa mwisho, ambao mjukuu ameuandika kwa herufi kubwa, bila shaka kwa amri:

"Kaka, usiiamini barua hii. Njoo usikie mwenyewe."